Moyo wa Kaka na Shibiri Moja ya Mtaro

Mimi ndiye niliyeleta kanuni ya cheti. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na homa ya kaka yangu, au na hospitali, nilijikuta najificha.

Kitongojini kwetu, Magoma, bado tuna msaragambo. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, kila kaya hutoa mtu mmoja kwa kazi ya wote: kufyeka barabara, kufyatua matofali ya shule, kuzibua mifereji. Mwenyekiti hupita na kipaza sauti Ijumaa jioni, na asubuhi watu hukusanyika na majembe. Asiyekuja bila sababu hufuatwa nyumbani, akachukuliwa sufuria au beseni, na harudishiwi mpaka afanye kazi siku mbili. Babu yangu mzaa baba alikuja kutoka mbali kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Aliwaambia watoto wake kwamba watu wa kuja kama sisi hawapaswi kukosa hata mara moja. Nyumba yetu haikuwahi kukosa.

Kazi ya kuandika mahudhurio niliipata kwa sababu ya mwandiko. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama nisizopenda kuzitaja, na baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe: Kiingereza kwa kamusi iliyong'oka jalada, kompyuta kwa video za simu, majedwali kwa rula na kalamu mbili. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huogopa sana kukosea, kwa sababu hana mwalimu wa kumlaumu. Daftari nililolikuta lilikuwa fujo tupu. Mtu akisema anaumwa, anaachwa. Wengine walikuwa wanaumwa kila Jumamosi ya msaragambo na kupona saa saba mchana, kwa wakati wa kwenda mnadani. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko lilivyostahili. Kwenye mkutano nikasimama, nikapendekeza kwamba anayeumwa alete cheti cha zahanati. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kupigiwa makofi.

Mwaka huo kazi ilikuwa mtaro wa bomba la maji, kutoka kwenye chanzo chini ya mlima hadi kwetu. Kila kaya ilipewa hatua kumi. Fundi wa maji alisema bomba lisipolala chini vya kutosha litapasuliwa na majembe na kwato za ng'ombe. Basi nikakata fito, nikaitia alama kwa kisu pale kina kinapotakiwa kufika, nikawa natembea nayo mtaro mzima, naisimamisha kwenye kila kipande. Watu wakaniita Bi Fito. Nilijifanya sisikii, lakini jina lilinipendeza.

Kaka yangu alikuwa mwashi, miaka ishirini na minane, mtu wa kubeba mfuko wa saruji begani huku anapiga soga, na mwaka huo mama alikuwa ameanza kumtafutia mchumba. Mafua yaliyompata yalikuwa yamepita karibu kila nyumba. Alikuwa na homa siku nne, viungo vikamuuma, tumbo likaharisha kidogo. Alhamisi alikwenda zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria, akampa panado na kumwambia anywe maji mengi. Alipoomba cheti muuguzi alicheka. Mafua hayana cheti, alimwambia, akianza kuwaandikia wenye mafua ataandika mpaka kesho.

Ijumaa homa ilikuwa imekwisha. Jioni, kipaza sauti kilipopita, kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegemea ukuta. Alisema kifua kinabana, na kwamba amechoka kama aliyeshinda anabeba tofali wakati hajabeba hata kikombe. Akaniuliza, kwa mzaha, kama karani anaweza kumsamehe ndugu yake. Baba yetu alikwishafariki, mama ana goti bovu, na mimi mwenye daftari sikuhesabiwa. Mtu wa kaya yetu alikuwa yeye tu. Nikamjibu kwamba nikimwandika mgonjwa bila cheti, msaragambo unaofuata kitongoji kizima kitaumwa. Mama, aliyekuwa anachambua mboga, akasema afadhali aende tu akachangamshe damu, homa iliyobaki itatoka na jasho. Hivyo ndivyo tunavyoamini kwetu. Mtu akishaweza kusimama baada ya homa, kazi ndiyo inayomalizia dawa.

Kesho yake, Jumamosi, alichimba. Alianza vizuri, kisha nikamwona anasimama mara kwa mara ameshika kiuno, akitazama chini. Jirani mmoja akamtania kwamba bwana harusi amechoka kabla ya harusi, naye akajibu jambo nililolisikia nusu, watu wakacheka. Ilipofika saa nne alikaa ukingoni, miguu ndani ya mtaro. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Niliona. Nataka niseme wazi kwamba niliona.

Karibu na saa sita alinyoosha mkono akaniita nikapime. Nikasimamisha fito kwenye kipande chake, mwanzo, katikati, mwisho. Mwisho haukufika kwenye alama. Watu walikuwa wanatazama, na kabla yake nilikuwa nimewarudisha wazee wawili kwa upungufu mdogo kuliko ule.

"Bado shibiri moja, kaka," nikasema.

"Shibiri yako au yangu?"

"Ya fito."

Akanitazama kidogo, akashuka tena. Ilimchukua muda mrefu. Alipopanda nilipima, nikaweka tiki kwenye jina lake, nikahamia kwa jirani.

Siku zilizofuata hatukuzielewa. Alikuwa hawezi kulala chali. Alilala ameketi, mito miwili mgongoni, na akipanda ngazi tatu za barazani husimama kupumua kama mzee. Moyo, alisema, unakwenda mbio, halafu unaruka, halafu unakwenda mbio tena. Mama alisema ni chembe ya moyo, akamwita mama mmoja mwenye mikono inayosifika, akamkanda chini ya kifua kwa mafuta ya nazi mpaka akatapika. Duka la dawa wakasema ni vidonda vya tumbo, wakatupa vidonge. Nilimpa vidonge vile kwa saa, niliweka mlio kwenye simu, sikukosea hata dakika moja. Siku ya tano miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Siku ya sita, asubuhi, alianguka akienda chooni.

Tulikodi gari la jirani, Noah, mpaka Korogwe. Njia nzima alikuwa ameegemea bega langu, na mimi nilikuwa nasikiliza pumzi zake na kuzihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakambandika waya kifuani na kutoa karatasi ndefu yenye mistari. Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Aliitazama picha kwenye mwanga akatuita mimi na mama. Alisema moyo umepanuka, na anavyoona ni nyama yenyewe ya moyo imevimba. Mama akauliza kama ni presha. Daktari akasema hapana. Akauliza kama kuna homa iliyotangulia.

Alitueleza taratibu, na sijasahau hata neno. Virusi vya mafua mara nyingi huishia puani na kooni. Lakini kwa watu wachache hushuka mpaka kwenye nyama ya moyo. Mwili unavifuata huko huko kupigana navyo, na katika kupigana unaiumiza nyama ileile unayoitetea. Nyama ikivimba haibani vizuri, isipobana vizuri damu haisukumwi, na damu isiposukumwa maji yanarudi nyuma, kwenye mapafu na miguu. Kwa hiyo anapolala anazama katika maji yake mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa hawezi kulala chali. Mambo yote yaliyokuwa yametutatiza wiki nzima yalikaa mahali pake kwa dakika tano, na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilifurahi. Nilifurahi kwamba nimeelewa.

Kisha akauliza: "Alipokuwa na homa, au mara tu baada ya homa, alifanya kazi nzito?"

Mama alisema alikwenda msaragambo kidogo tu. Daktari akaandika. Akasema moyo uliovimba ukilazimishwa kazi huumia zaidi, ndiyo maana mtu mwenye homa na mafua makali hapaswi kulima wala kucheza mpira, hata akijisikia nafuu. Sikusema lolote kuhusu shibiri moja. Nilisimama pale na daftari langu dogo la maswali, nimeyapanga kwa namba, nikauliza yote isipokuwa lile.

Baadaye nilimfuata kwenye korido. Nilimwambia kila kitu, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa: kanuni, fito, uso wa rangi ya majivu, saa ile nzima aliyoongeza. Nikamwuliza kama ni saa ile iliyofanya hivi.

"Sijui, dada," akasema. "Pengine angeumwa hivyohivyo akiwa kitandani. Pengine asingeumwa hivi. Hakuna kipimo cha kuniambia."

Nilimwuliza tena kwa maneno mengine, kama swali la mtihani lililoandikwa vibaya. Akanijibu vilevile, kwa upole, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Walimpeleka Tanga kwa kipimo cha ultrasound ya moyo. Tulirudi na karatasi iliyosema moyo wake unasukuma asilimia thelathini ya damu inayoingia kila unapobana. Moyo mzima, tuliambiwa, unasukuma zaidi ya nusu. Alipewa vidonge vya kukojoza maji na vingine vya kuusaidia moyo, chakula kisicho na chumvi, na amri moja: miezi sita asibebe hata ndoo.

Miezi hiyo nilisoma. Nilisoma kwenye simu, na kamusi pembeni, kuhusu uvimbe wa misuli ya moyo, mpaka macho yakawa mekundu. Nilijifunza kwamba mioyo mingine hurudi kama ilivyokuwa na daktari asiweze kuona hata kovu. Mingine hubaki imepanuka kama mfuko uliovutwa sana. Na mingine, mtu akiwa anaendelea vizuri, anacheka, husimama ghafla kwa sababu kovu limekata njia ya umeme unaoupigisha moyo. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi kuliko zote. Nilianza kwenda kumsikiliza kaka akiwa amelala mchana. Nilichora jedwali la mapigo ya moyo, asubuhi na jioni, nikalibandika ukutani. Yeye alinyoosha mkono kila nilipokuja, ametazama pembeni.

"Leo mapigo yangu yana cheti?" aliniuliza siku moja. Mama alicheka. Mimi nilipoteza hesabu nikaanza upya.

Ugonjwa wa namna hii hauna kidonda cha kumwonyesha mtu. Maji yalipokauka miguuni, kaka alionekana mzima. Alikuwa na mwili wake, sauti yake na mzaha wake, na alikuwa amekaa kwenye kiti barazani wakati mama yake mwenye goti bovu anachota maji. Watu wakipita na majembe walimsalimia kwa heshima iliyozidi. Siku moja vijana wa kazini kwake walimwuliza kama kiti hicho kina nafasi ya pili. Barua ya hospitali niliipeleka kwa mwenyekiti, pamoja na daftari la mahudhurio. Nilimwamkia, nikamwambia nimechoka kuandika. Alipokea barua, akakataa daftari. Alisema bila mimi watarudi kule kwenye fujo, na kwamba kanuni yangu ya cheti ndiyo inayomlinda kaka yangu sasa. Nililiacha daftari mezani kwake, nikaondoka. Kanuni ipo mpaka leo.

Kwa sababu ya maneno ya watu, mama alimpeleka kaka kwa mjomba wetu, Sindeni, upande wa Handeni, alikozaliwa mama. Huko hakuna aliyemjua akiwa na nguvu, kwa hiyo hakuna aliyemlinganisha. Mwezi wa tatu wa ugonjwa wake nilikwenda kumtembelea. Nilishuka barabara ya Handeni, nikatembea katikati ya mahindi yaliyoanza kukauka kabla ya kukomaa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeyaandika kwanza, nikayafuta, nikayaandika tena.

Nilimkuta amekaa na mjomba, wanapukuchua mahindi. Hata kazi hiyo aliifanya polepole, akipumzika kati ya gunzi na gunzi. Mjomba alipokwenda kuswali alasiri, nikayasema. Nilimwambia kwamba siku ya mtaro niliona uso wake. Nilimwambia niliona na bado nikamrudisha chini kwa ajili ya shibiri moja, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kwamba daktari hajui kama ndicho kilichomwumiza, na mimi sitajua kamwe, na siwezi kulala.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyechimba. Unanihadithia nini?"

Nikasema nataka anisamehe.

"Nilipokuwa kule chini," akasema, "nilikuwa nakusubiri useme inatosha. Siyo mwenyekiti, wala wale wengine. Nilijua ukisema wewe, watakubali. Nikachimba huku nasikiliza."

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. Mjomba aliporudi walizungumza kuhusu bei ya ng'ombe, na kaka akamtania kwamba mbuzi wake wana afya kuliko wapwa zake. Tulikula. Kesho yake alinisindikiza mpaka mahali ambapo pumzi yake iliishia, si mbali na nyumba, akasimama hapo mpaka nilipopotea machoni.

Miezi sita ilipotimia alirudi, na tulikwenda Tanga pamoja kwa kipimo. Wakati ule alikuwa amenenepa kidogo na anapanda ngazi bila kusimama. Nilikuwa nimejiruhusu kuamini. Alilala ubavu, daktari mwanamke akamtembezea kifaa kifuani, na kwenye kioo nikauona moyo wa kaka yangu kwa macho yangu. Ulikuwa unabana, kweli ulikuwa unabana, lakini kwa uvivu, kama mkono wa mtu anayefumba ngumi usingizini. Nilikuwa nimeangalia mioyo mizima kwenye simu mara nyingi mno, nikajua kabla hajasema.

Asilimia thelathini na mbili. Alisema hiyo si nafuu ya kuhesabia, kipimo chenyewe huweza kuteleza kwa kiasi hicho. Alisema vidonge ni vya maisha, kazi ya ujenzi isahauliwe, na akizimia hata mara moja aletwe bila kungoja. Kaka alimshukuru, akauliza kama anaweza kufunga vifungo vya shati.

Tulipofika Korogwe tulikaa stendi kungoja gari la Magoma. Alinunua machungwa mawili, akanimenyea langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nikiwa mdogo. Kisha akasema nimwambie mama kwamba moyo umepanda. Akasema nisitaje namba, mama hajui namba, niseme tu umepanda. Mama alikuwa ameanza kutafuta mahindi ya kuandalia ndugu watakaokwenda kumposea mchumba, alikuwa anangoja tu neno la hospitali. "Mpe mama hata mwaka mmoja wa furaha," akasema. "Mimi nitajilinda mwenyewe."

Njia nzima nilijaribu kuisema sentensi ile moyoni na ilikuwa rahisi. Si uongo kamili: thelathini na mbili ni zaidi ya thelathini. Mtu aliyetaka kunisamehe asingeweza kuniomba kitu kidogo kuliko hicho. Lakini kichwani nilimwona mama akimpa jembe. Mama hangempa kwa ukali, angempa kwa furaha, amchangamshe damu. Nilimwona na kaka akilipokea.

Mama alikuwa barazani. Kaka akampa shikamoo, akakaa kwenye kiti chake. Mama akanigeukia mimi, maana kwa mambo ya hospitali huniuliza mimi.

"Wamesemaje?"

Kaka alikuwa ananitazama.

"Haujapanda, mama," nikasema. "Umebaki palepale. Hatafanya tena kazi ya nguvu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama alishika goti lake kwa mikono miwili, akasema neno moja kwa Kizigua ambalo husema kwenye misiba, akaingia ndani. Tulimsikia akihamisha vyombo jikoni, bila kupika chochote.

Watu walipita, kaka akawaitikia salamu zao. Mwishowe alisema, akiwa ametazama njia, "Umefanya vizuri. Lakini leo usinisemeshe."

Nikakaa kwenye ngazi ya chini, karibu na miguu yake, na sikumsemesha.